Meza, Kiluwiluwi

Kura zilizopigwa zilikuwa elfu nne na ushee, na mji wa Mizuhata haufikishi hata watu elfu tisa. Hivyo ndivyo wimbo wa "Meza, Kiluwiluwi" ulivyoshinda. Kuanzia Jumamosi, kila treni itakapoondoka stesheni ya mji huo, badala ya kengele ya zamani abiria watasikia kiitikio cha wimbo huo, sekunde kumi na moja kamili. Bendi yenyewe, Kuginuki, ilikuwa ya vijana wa hapohapo mjini. Walikwenda Tokyo na magitaa mabovu na nywele zilizosimama kama miiba, wakiimba muziki wa panki wa kumtukana kila mwenye cheo, na miaka ishirini baadaye picha yao ilitundikwa ofisini kwa meya. Hakuna aliyeona ajabu.

Tokuji Segawa alikuwa mfanyakazi wa jukwaa la treni, na kitufe cha kengele ya kuondosha treni kilibonyezwa na kidole chake. Mji mzima, ukiacha bendi, ni yeye tu aliyejua wimbo ule ulitoka wapi.

Wachambuzi waliandika kwamba Kiluwiluwi ni mfanyakazi mnyonge anayemezeshwa uonevu na wakubwa zake. Ukweli ulikuwa mdogo na mchafu zaidi. Ilikuwa darasa la sita, kwenye bwawa la kuogelea la shule, mwezi wa tano, kabla halijasafishwa, maji yakiwa ya kijani na mazito. Wavulana watatu, wale waliokuja kuwa bendi, walimshika Tokuji mikono na kichwa. Wa nne, Daigo Nishizaki, alichota maji kwa kikombe, na ndani yake viluwiluwi wa chura watatu. "Meza, Kiluwiluwi, meza, mkia unacheza," waliimba wakimpigia makofi. Akameza. Daigo alipokuwa mwimbaji hakubadilisha hata neno moja.

Tokuji aliyavumilia yote. Aliusikia wimbo redioni, akausikia sokoni, akauimba kwenye karaoke ya kazini pale mkuu wa stesheni, Bwana Umemura, alipomsukumia kipaza sauti. Kulikuwa na jambo moja tu asiloliweza. Binti yake, Chinami, wa darasa la nne, alipiga tarumbeta katika bendi ya shule, na bendi hiyo ndiyo ingepiga siku ya uzinduzi. Mwezi mzima alifanya mazoezi sebuleni.

"Baba, Kiluwiluwi si mwoga, eti?" aliuliza siku moja. "Mwalimu anasema anameza ili aje aote miguu."

"Mwalimu anasema kweli," Tokuji alijibu, akainuka kwenda kunawa mikono iliyokuwa safi.

Ratiba ya uzinduzi ilipobandikwa aliisoma mara tatu. Kipengele cha nne: mwimbaji asimulia chanzo cha wimbo.

Basi Jumamosi asubuhi alibeba boksi la keki za maharage matamu, akalifunga kwa kitambaa, akaingia chumba cha wageni pale stesheni, bendi ilikokuwa ikisubiri. Alipanga kuomba kama mfanyakazi yeyote wa reli, asijitambulishe. Daigo alikuwa amekaa miguu juu ya meza, nywele nyekundu, mashina yake meupe. Pembeni yake alikuwa Haga, mpiga ngoma, akimenya chungwa.

"Samahanini kwa usumbufu," Tokuji alisema, akainama. "Treni ya saa nne na dakika kumi na mbili haisubiri. Nilikuwa nafikiri, kile kipengele cha chanzo cha wimbo, labda tukiruke."

"Umesikia, Haga? Reli wananifunga mdomo."

"Wana akili. Wewe ukishika kipaza sauti hata treni ya kesho inachelewa."

"Usiwe na wasiwasi, mzee," Daigo akamwambia Tokuji. "Dakika moja tu. Nina hadithi ya mjomba wangu wa kiwandani, alivyokuwa ananyanyaswa na bosi. Ni uongo mtupu, lakini watu hulia."

Tokuji alihisi mzigo wa mwezi mzima ukimshuka mabegani. Angegeuka palepale akatoka, mambo yangekwisha. Lakini mtu wa Mizuhata haondoki na zawadi aliyokuja nayo, wala haikabidhi bila kuinama tena, chini kuliko mara ya kwanza. Alinyoosha boksi kwa mikono miwili, akainama, na beji ya jina kifuani pake ikaning'inia mbele ya macho ya Daigo.

"Segawa," Daigo akasoma polepole. Akashusha miguu mezani. "Haga, hebu mtazame huyu masikio."

"Yana nini?"

"Ndiye Kiluwiluwi. Mwanangu, ni wewe? Jina lako lilishanitoka kabisa."

"Tafadhali," Tokuji alisema, bado ameinama. "Binti yangu yuko pale nje na tarumbeta. Hajui."

"Hajui kwamba baba yake ndiye wimbo?" Macho ya Daigo yalilowa kweli. Alimwinua, akamkumbatia. "Unaishi na mtoto nyumba moja unamficha jambo kubwa hivi? Ni vibaya, Segawa."

"Nakuomba."

"Usiombe. Niachie mimi."

Hakukuwa na chuki hata chembe ndani yake, na hilo ndilo lililomkata Tokuji maini. Daigo aliona anamlipa fadhila.

Jukwaani palijaa: meya, wazee na vibendera, wapiga picha wa televisheni. Daigo alisimulia vizuri, alijua pa kunyamaza. Alilieleza bwawa, kikombe, mikia.

"Alilia?" akauliza, akimgeukia Haga.

"Alilia mpaka kamasi zikaingia kikombeni."

Watu wakacheka kama wanavyocheka harusini.

"Na mtu huyo yuko pale, mwenye kofia ya reli. Mpigieni makofi Kiluwiluwi wetu."

Makofi yakapigwa. Meya akainama. Bwana Umemura akajifuta machozi. "Bwana Segawa, miaka kumi na tisa tuko wote hukusema. Unyenyekevu gani huu."

Watoto wa bendi waligeuka. Mmoja alijaza hewa mashavuni, akajifanya anameza, mwenzake akafa kwa kicheko. Chinami aliteremsha tarumbeta. Hakumtazama baba yake machoni, alimtazama mdomo.

"Baba," akasema kwa sauti ndogo, "ulimeza kweli?"

Tokuji alifungua mdomo. Treni ilikuwa imefungua milango, na saa ilionyesha nne na dakika kumi na mbili.

"Muda, Bwana Segawa," Umemura akanong'ona.

Alinyoosha kidole kwenye taa kama kanuni inavyotaka, akatamka, "Ishara, sawa." Kisha akabonyeza kitufe. Jukwaa zima likaimba pamoja na vipaza sauti, wazee kwa watoto, meza, meza. Mwalimu akainua mkono. Chinami akasogea hatua moja upande wa wenzake, mbali na alipo baba yake, akaweka tarumbeta mdomoni, akapiga bila kukosea hata noti moja.

Treni ilipopotea, Umemura alimshika bega.

"Ya saa nne na arobaini ubonyeze wewe tena. Televisheni wanataka kukupiga picha kwa karibu, ukitabasamu."