Babu Stephano Kwenye Bahasha

Kila Novemba huku Gongo la Mboto jumuiya yetu hukusanya bahasha za majina ya marehemu, padri awaombee kwenye misa. Mie huanza na babu yangu mzaa baba, Stephano, wafuate wazazi, halafu mume wangu Benedikto. Tangu nimefiwa sijabadilisha mpangilio.

Mwaka huu nilikuwa nimeshaandika "Stephano" mjukuu wangu Demetria alipoingia na karatasi mkononi. Anasoma historia chuo kikuu.

"Shikamoo bibi. Yule babu yako hakuwa mpishi wa mapadri kama mnavyosimulia."

"Marahaba. Alikuwa nani, askofu?"

"Mtumwa. Shamba la miwa, enzi za Mjerumani. Watumwa waliasi, wakachoma nyumba ya msimamizi. Aliyewaongoza ni yeye. Wewe ni mjukuu wa jemedari."

"Jemedari wa panga la miwa," nikamwambia, ila moyoni nilifurahi, nisidanganye. Kwetu neno mtumwa halikutajwa hata msibani. Nikamwambia asome mpaka mwisho.

"Ndani ya ile nyumba kulikuwa na watoto wawili, bibi. Waliungua."

Karatasi zilikuwa mbili, Demetria kazitafsiri kutoka nyaraka za zamani. Ya serikali ya Mjerumani ilisema Stephano aliufunga mlango kwa nje kabla ya kuwasha moto. Ya misheni, alikokimbilia akabatizwa, ilisema alilia, akaapa hakujua kama wamo.

"Ya kweli ipi?"

"Ya serikali waliandika waliotaka kumnyonga," akasema Demetria.

"Na ya misheni kasema mwenye kosa."

"Kosa gani, bibi? Watu walikuwa wanachapwa kama punda."

"Hayo ya punda nimeyasikia. Nakuuliza watoto."

Akanisogezea karatasi. Nikashika rozari, nikaanza fungu, nikapotea katikati, nikaanza tena. Mtu anayejitoa utumwani, nani amhukumu? Lakini ule mlango. Nikilifuta jina lake, atabaki na nani wa kumwombea? Nikiliacha peke yake pale juu kama la mtakatifu, nitakuwa namficha Mungu jambo aliloliona. Nilizisoma karatasi zote mbili mara tatu, na kila niliyoishika niliiamini.

Yustina, katibu wa jumuiya, akapiga hodi.

"Mama Monica, bado tu? Wewe si ndiye unanipaga bahasha wa kwanza?"

"Karibu ukae. Naandika."

Jina la babu nililiacha palepale. Chini yake, kabla ya wazazi wangu, nikaandika: watoto wawili wa msimamizi wa shamba. Yustina akanyoosha shingo.

"Hawa hawana majina?"

"Wanayo. Sie ndio hatuyajui."

"Ni ndugu zenu?"

Demetria akanitazama.

"Wasomwe pamoja na babu," nikamwambia Yustina, nikaifunga bahasha.