Taa Zisizopata Moto

Mchora mabango aliposema kwamba taa za mapambo za zamani zinatosha kwa sikukuu, mkewe alimjia juu. Zinatosha nini? Waya umechubuka, balbu nusu zimekufa, na kile kiboksi chake kinanguruma kama mtu anayekoroma. Wajukuu wanakuja kesho. Anataka waungue? Mzee, ambaye mdomo wake ulikuwa haujui likizo, safari hii aliomba tu viatu vyake.

Tuseme ukweli, mama huyu hakuwa anatafuta taa tu. Presha ya macho ilikuwa imelimaliza jicho la kushoto la mumewe, na la kulia ililiachia kipande cha nuru. Daktari hakuzunguka: matone hayarudishi kilichokwenda, yanalinda kilichobaki. Basi mama akakishikilia hicho kilichobaki. Kila jioni alimtia mumewe matone, kila jioni alimwuliza kama bado anaona mwanga, na kila jioni alijibiwa, "Naona, bibie. Hata rangi naona." Kurudi kliniki kupimwa, mzee hataki. Akafanye nini huko na anaona? Na kweli, sikukuu iliyopita si alisimama chini ya taa zilezile za zamani, akapitisha mkono balbu moja baada ya nyingine, akisema hii inawaka, hii imeungua? Hakukosea hata moja. Mama aliishi mwaka mzima kwa kumbukumbu hiyo.

Dukani walipokelewa na binti mwenye maneno mengi. Akawachomekea kamba hii na ile: nyeupe, za rangi mchanganyiko, za kumetameta, za kutulia.

"Gusa, baba," akasema, akimwekea mzee kamba mkononi. "Hizi LED hazipati moto. Ziwake kutwa nzima, baridi tu. Na kelele hazina."

Mzee akapitisha kidole taa ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha akairudia ya kwanza. Uso ukamshuka.

"Za zamani huna, binti? Zile za balbu?"

"Zile hatuleti tena, baba. Zimepitwa na wakati."

Mama akacheka, akamwomba binti amsamehe mumewe, ubishi amezaliwa nao.

"Wewe ndiye mtu wa rangi," akamwambia mzee. "Chagua."

"Ngoja kwanza binti azisifie, nijue kama anaiweza kazi."

Binti hakuhitaji kuombwa mara mbili. Hii nyeupe tupu, inapendwa na watu wa hoteli. Hii ina nyekundu, kijani, buluu na manjano, zinafuatana hivyohivyo mpaka mwisho. Mzee alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Hiyo hapo," akasema, akinyoosha kidole. "Nyekundu, kijani, buluu, manjano. Nyeupe ni za wodini, sitaki."

Wanawake wakacheka. Kidole kilikuwa kimeelekea kwenye rafu ya feni. Mama alikiona vizuri sana. Akajiambia duka limejaa vitu, yeyote angechanganyikiwa humo, akafungua mkoba haraka kabla wazo halijakaa.

Jioni alipanda kwenye stuli akazizungusha taa dirishani, juu ya pazia, hadi kwenye kona ya kabati, akimtajia mumewe kila zinapopita. Mzee alikuwa kwenye kiti chake, kavaa shati lililopigwa pasi, kana kwamba wageni wameshafika.

"Washa basi, bibie. Unanichelewesha."

Mama akazima taa ya sebuleni ili mapambo yaonekane sawasawa, akapapasa ukuta, akabonyeza swichi ya soketi. Ikalia ta! Giza likabaki palepale. Akatazama chini, akaiona plagi imelala sakafuni karibu na mguu wake. Kwa haraka zake alisahau kuichomeka. Akafungua kinywa amwambie mumewe asubiri kidogo.

"Aaa! Hapo sasa!" mzee akasema. "Zinapendeza, bibie."

Mama akaitazama tena plagi pale sakafuni.

"Ile nyekundu, halafu kijani. Lakini buluu ndiyo imenoga, pale juu ya pazia. Wajukuu watapagawa."

Mama akachuchumaa ukutani. Ndipo alipoelewa. Zile balbu za zamani zilikuwa na moto. Mkono ndio uliojua ipi inawaka na ipi imekufa, macho hayakuwemo kabisa. Tangu lini? Mwaka jana? Mwaka juzi? Muda wote huo alikuwa akilinda kitu ambacho hakipo, na mwenzake akamwacha alinde kwa kukosa moyo wa kumnyang'anya tumaini hilo. Ilimchoma hadi akashindwa kulia. Hapakuwa na kliniki ya kumpeleka tena, wala hapakuwa na la kusubiri.

Akaichomeka plagi. Rangi zikajaa sebuleni, nyekundu kwenye paji la uso wa mzee, kijani shavuni. Hakupepesa. Aliendelea kuisifia buluu ya juu ya pazia.

"Mbona kimya? Hukuzipenda?"

"Nimezipenda, baba watoto."

"Basi njoo unitie matone, saa yake imefika."

Akalaza kichwa nyuma ya kiti, jicho la kulia wazi, akingoja. Mama alisimama kidogo na kichupa mkononi. Kisha akamshika kidevu, akalivuta kope la chini taratibu, akatia tone lilelile la kila siku, pahali palepale.

"Haya matone yananisaidia sana," mzee akasema.

"Yanasaidia," mama akajibu, akafunga kichupa akakirudisha kabatini, mahali pa kukichukua kesho.