Kipimo Namba Moja

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, tarehe 29 Juni, taa ya kijani iliwaka kwenye bodi, na kompyuta haikuonyesha kitu. Shukrani alichomoa waya wa USB, akahesabu hadi kumi, akauchomeka tena. Taa iliwaka. Orodha ya vifaa kwenye skrini ilibaki vilevile.

Alikuwa amepiga magoti kwenye mteremko wa Mbuji, mbele ya sanduku la plastiki lililofungwa kwenye nguzo. Ndani yake bodi hiyo ndogo ilikuwa imepima unyevu wa udongo kila saa kwa siku mia na ishirini. Kushoto kwa nguzo kulikuwa na ngolo, mashimo ya Wamatengo yanayozungushiwa kuta za udongo uliofukiwa nyasi. Kulia kulikuwa na matuta ya kawaida. Utafiti wake ulikuwa na swali moja: upande upi unatunza maji zaidi?

Kosa lilikuwa kwenye programu ya bodi, na Shukrani alikuwa ameligundua wiki iliyopita tu. Kumbukumbu ilikuwa na nafasi 2,880. Zikijaa, programu ingerudi mwanzo na kuandika juu ya kipimo cha kwanza na kukifuta. Hesabu yake ilisema jambo hilo lingetokea leo, saa sita kamili mchana. Na kipimo cha kwanza ndicho kilichochukuliwa udongo ukiwa mkavu, saa moja kabla ya mvua kubwa ya Machi. Bila hicho, vingine vyote havikuwa na pa kuanzia. Kuzima bodi kusingesaidia, kwa sababu kumbukumbu iliishi kwa umeme wa betri. Umeme ukikatika, vyote vinapotea. Ilibaki kunakili vipimo kwa USB, kisha kuweka programu mpya yenye nafasi zaidi.

"Tatizo ni huo waya, dada," alisema Erasmo, dereva wa bodaboda aliyemleta kutoka Mbinga mjini. "Nyaya za siku hizi zinachaji tu. Kama shemeji yangu: anakula, kazi hafanyi."

"Inawezekana. Lete simu yako."

Aliichomeka simu kwa waya uleule. Picha zikajipanga kwenye skrini, ya kwanza Erasmo akiwa ndani ya suti iliyomzidi mabega.

"Waya ni mzima," Shukrani alisema.

"Na suti je?"

"Suti sijaipima."

Alijaribu tundu la pili la kompyuta, matokeo yaleyale. Kisha akatoa mkobani bodi ya akiba, ya aina ileile, akaichomeka. Kompyuta ililia mara moja na kuitambua. Basi waya ulikuwa mzima, kompyuta nzima, programu zake nzima. Aliandika kwenye daftari: *Kosa liko kwenye bodi ya shambani.* Ilikuwa saa nne kasoro dakika tano.

Mama Walburga, mwenye shamba, alifika akiwa bado na kitenge cha kanisani. Ilikuwa sikukuu ya Watakatifu Petro na Paulo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Majibu yangu tayari?"

"Bado."

Mama Walburga alitazama upande wa matuta. "Ngolo arobaini nilivunja kwa neno lako. Za mama mkwe wangu. Maharage upande ule nimepata debe mbili, huku sita. Jirani zangu wanasema nimechanganyikiwa, na Jumatatu mnakaa halmashauri kutuambia wote tulime matuta."

"Ndiyo maana ninataka vipimo, mama. Debe watasema ni mbegu, au mbolea. Kuna mtu aliyefungua sanduku hili?"

"Hakuna. Funguo unayo wewe."

Lilikuwa jibu la kweli, nalo halikusaidia. Shukrani alifunika kichwa kwa koti ili kuzuia jua, akamulika tundu la USB, lililotokeza nje ubavuni mwa sanduku, kwa tochi ya simu. Ndani kulikuwa na vijibati vitano vyembamba. Viwili vya pembeni, vinavyopitisha umeme, viling'aa. Vya katikati, vinavyopitisha data, vilikuwa na ukungu mweupe.

"Mama, kifuniko cha mpira cha tundu hili kiko wapi?"

"Mbuzi alikitafuna, mwezi wa nne. Mvua ilikuwa inapiga kutoka ziwani. Nikadondoshea mshumaa, ule wa sikukuu ya Kandelaria, uliobarikiwa. Juzi niliposikia unakuja nikaitoa nta yote kwa ukucha. Sikuacha hata punje."

"Umeacha. Kidogo sana."

"Nimekuharibia?"

Shukrani aligusa sakafu ya sanduku kwa kidole. Palikuwa pakavu. "Maji yangeingia, bodi ingekufa mwezi wa nne. Haijafa."

Erasmo alikuwa amekwisha kuchomoa pini kwenye koti lake. "Nikwangue?"

"Usiguse! Chuma kikigusanisha umeme, tumepoteza vyote. Nipe petroli."

"Lita ngapi?"

"Matone matatu."

Alichomoa waya, akaiacha betri mahali pake. Mama Walburga alichonga kijiti cha mwanzi hadi kikawa chembamba kama sindano, akakizungushia uzi aliouchomoa kwenye pindo la kitenge. Shukrani alikichovya kwenye kizibo cha petroli, akasugua taratibu, akangoja dakika tano petroli ikauke.

Saa nne na dakika hamsini alichomeka. Kompyuta ililia. *Kifaa hakitambuliki.*

"Bado imegoma," Erasmo alisema.

"Hapana. Mwanzo haikusikia kabisa. Sasa inasikia nusu."

Alichomoa. Uzi mpya, petroli mpya, safari hii akiminya kijiti kwenye kijibati kimoja kimoja. Baridi ilikuwa imeigandisha nta, ikatoka kwa magamba madogo. Alirudia mara tatu, na kila mara alingoja dakika tano zake, ingawa Erasmo alikuwa akisoma saa kwa sauti kama mtangazaji wa mpira.

Saa tano na dakika thelathini na moja bodi ilijitokeza kwenye orodha. Shukrani alinakili vipimo 2,880, akafungua faili, akasoma mstari wa kwanza: ngolo asilimia 11.4, matuta asilimia 11.2. Alinakili faili tena kwenye flashi, kisha akaanza kuweka programu mpya. Mama Walburga aliushikilia waya kwa mikono miwili usitikisike.

Saa tano na dakika arobaini na nne skrini iliandika: *Imekamilika.* Walibaki palepale.

Saa sita kamili bodi iliandika kipimo namba 2,881. Kipimo namba moja kilibaki mahali pake.