Kadi Yenye Matundu

Siku tisa kabla ya mtihani wa taifa, mjukuu wangu alifutwa kwenye orodha ya watahiniwa wa kemia. Katika jaribio la mwisho, la kuchagua majibu, alikuwa amepata kumi na moja kati ya hamsini, na shule iliamua kwamba asiyefikisha nusu asiingie kwenye mtihani, asije akaitia aibu.

Nilimketisha mezani nikamuuliza maswali yote upya. Alipata arubaini na matatu, na majibu aliyonipa ndiyo yale yale yaliyokatwa kwa wino mwekundu.

"Babu, hata nilipojibu kwamba asidi hugeuza karatasi ya litimasi ya bluu kuwa nyekundu, nimekoseshwa."

Asubuhi tulimkuta mwalimu wake ofisini akisahihisha pasipo kusoma. Aliweka kadi iliyotobolewa juu ya karatasi, akahesabu majibu yaliyochungulia matunduni, akakata mengine kwa wino mwekundu, akaandika alama. Jaribio lilikuwa na matoleo mawili, ili majirani wasiibiane. Mjukuu wangu alifanya toleo A. Nilipoiomba kadi iliyotumika kwa karatasi yake, pembeni iliandikwa B.

"Shikamoo, mzee wangu, ila kusahihisha ni kazi ya mwalimu."

"Marahaba. Basi ifanye."

Aliitazama kadi, akainuka akafunga mlango.

"Binti huyu namrudisha leo leo. Wale wengine wa toleo A waliofutwa tuwaache. Mkuu akijua, nitakuwa kichekesho."

"Wengine wangapi?" mjukuu wangu akauliza.

"Kumi na wawili. Wewe umeshapona, mama, tulia."

"Mwenzangu wa maabara yumo. Miezi mitatu tumefanya majaribio pamoja. Nimwambie nini?"

"Mwambie hana bahati."

Damu ilinipanda kichwani. Nimefundisha miaka thelathini na mmoja. Nimekosea, nikasimama mbele ya darasa nikakiri. Huyu aliliona kosa lake kwa macho mawili, akalifungia mlango, kisha akawabebesha watoto kumi na wawili.

Kabla sijafungua kinywa, mjukuu wangu alizikusanya mezani karatasi kumi na tatu za waliofutwa pamoja na kadi, akatoka kwenda kubisha hodi kwa mkuu wa shule.

"Mzee, mzuie mtoto."

"Mimi nimemsindikiza tu," nikasema. Nikavuta kiti, nikakiweka katikati ya mlango, nikaketi.

Mwalimu alisimama nyuma yangu, akihema. Kutoka chumba cha pili ilisikika sauti ya mkuu ikiagiza aletewe orodha ya watahiniwa, na kalamu.