Sahihi ya Pili

Fundi cherehani yule alizaliwa na mifupa isiyorefuka, akabaki na kimo cha mtoto. Cherehani yake ilikatwa miguu ili afikie kanyagio, lakini kwa kushona, mtaa mzima ulimvulia kofia. Mumewe, dereva wa lori, alimwita Kipande Changu, naye fundi akicheka.

Mtoto wao wa kwanza alichukuliwa na selimundu. Walipotaka mwingine, kliniki ikawaambia kasoro ile ya damu yaweza kurekebishwa kwenye vinasaba kabla mimba haijapandikizwa.

"Damu tu," fundi alimwambia mumewe. "Akitoka mfupi kama mimi, nguo nitamshonea mwenyewe."

"Damu tu, mke wangu."

Binti akazaliwa, buheri wa afya. Kufikia miaka sita akawa anatazamana na mamaye macho kwa macho. "Kamfuata baba!" walisema majirani, na fundi akashukuru Mungu.

Kila mwaka baba ndiye aliyempeleka kliniki. Mwaka ule alikuwa safarini, akaenda mama. Daktari mgeni akafungua faili.

"Marekebisho yote mawili yameshika vizuri, mama. Damu na mifupa."

"Mifupa gani?"

Daktari akamgeuzia karatasi. Fomu ya mifupa ilikuwa na sahihi mbili, ya mume na ya mke. Ile ya mke fundi hakuitia yeye.

Mume aliporudi, hata viatu hajavua, akaulizwa.

"Nani aliandika jina langu?"

Dereva akainama. "Sikutaka apitie uliyoyapitia. Kuchekwa, kunyooshewa vidole..."

"Walionicheka ni watu baki. Kwako nilidhani nimefika."

"Sasa ulitaka azaliwe..." Akajiuma ulimi.

"Malizia."

Akageuka kuvua viatu.

Kesho yake fundi akahamia na binti kwenye chumba cha nyuma ya duka lake. Mashemeji wakaja kusuluhisha: mume halewi, hapigi, kosa lake nini? Fundi akawakaribisha chai, akaendelea kumimina. Angewaambiaje, na mtoto amekaa pale pale anasikiliza? Kulitaja kosa la baba kungekuwa kumwambia mtoto kwamba kimo chake ndicho kosa.

Mashemeji wakaondoka wakisema mwanamke yule ana kiburi. Binti akamsogelea.

"Mama, baba amefanya nini?"

"Amenidanganya."

"Uongo mkubwa?"

Fundi akamtazama binti yake, mzuri, mrefu, mzima, akachukua utepe wa kupimia, akaanza kumpima gauni.