Usibane Kwenye Pawa

Mimi kompyuta sikuwa naijua, na sioni aibu kusema. Kazi yangu ni kusuka. Nikishika kichwa cha mtu najua papo hapo kama ana maumivu, kama ana mawazo, au kama leo hanilipi, ananiletea hadithi. Lakini siku mume wangu aliponiambia anataka kompyuta ya kuchezea gemu, niliondoka pale kitandani kwake nikaenda kujifungia jikoni nilie, na kilio chenyewe kilikuwa cha furaha.

Ngoja nieleze, usije ukaniona nimechanganyikiwa. Mume wangu alikuwa dereva wa lori. Mtaa mzima unamwita Dereva mpaka leo, ingawa miguu yake haijasogea tangu lori lilipokosa breki kwenye mteremko. Hospitali waliniletea mtu mwingine. Yule wangu alikuwa na mdomo, anakutania mpaka unamrushia kandambili. Huyu aliyerudi aliugeukia ukuta. Ukimuuliza atakula nini, anasema chochote. Ukimuuliza dirisha nifungue au nifunge, vyovyote. Daktari alinivuta pembeni akaniambia nisimwachie vidonge vingi karibu, na nisimwache peke yake sana. Sawa, nisimwache, halafu nani asuke?

Basi vidonge nikawa natembea navyo kwenye pochi, namwachia vya mchana tu kwenye kisahani. Visu nikavipandisha juu ya kabati, kiti cha magurudumu kisikofika. Na kila jioni nikirudi, kabla sijausukuma mlango, nasimama kwanza pale nje natega sikio. Nilikuwa naogopa. Mwanamke mzima, naogopa mlango wa nyumba yangu mwenyewe.

Sasa mtu wa namna hiyo, aliyekuwa hataki kitu, siku moja anakugeukia na simu mkononi. Alikuwa anatazama video za watu wanaoendesha malori ya kwenye kompyuta. Akaniuliza, "Hivi mke wangu, kompyuta ya gemu ni ghali sana?"

Nikamwambia hata ikiwa ghali.

Sisi wanawake wa saluni tuna mchezo wetu, kila mwezi tunachanga anapewa mmoja, na zamu yangu ilikuwa imekaribia. Wenzangu wakanicheka mpaka basi: pesa ya mchezo inaenda kwenye mchezo. Nikawaambia wacheke tu, nyumbani kwangu ni muda mrefu hakuna aliyecheka.

Duka la kompyuta lilikuwa ghorofani, ngazi tupu, kwa hiyo yeye asingeweza kwenda. Jioni nzima akanikalisha akanifundisha. Hiki prosesa, ndiyo ubongo. Hii mazabodi, ndiyo inayobeba vyote. Hii kadi ya grafiki, ndiyo inayochora picha, bila hiyo lori lako utaliona linarukaruka kama panzi. Akasema vya mtumba havina neno, ila nisikubali chochote chenye kutu. Kichwa changu kikajaa pomoni. Mwishoni akanishika mkono, akaniambia, "Hela ikikubana, bana popote. Bana kwenye kasha, bana kwenye diski, hata kadi chukua ndogo. Lakini usibane kwenye pawa."

"Nisibane kwenye pawa," nikarudia.

"Hapo hapo. Pawa usifanye mchezo nayo."

Nikaelewa. Nani asiyejua pawa? Mtu mwenye nguvu tunasema ana pawa, redio yenye sauti nene ina pawa. Nikajua mwanaume anataka mashine yenye nguvu, na lile la kadi ndogo nikaona ni huruma tu, ananionea haya.

Muuzaji alikuwa mmoja wa wale wanaoongea huku wanatafuna kifuniko cha kalamu. Duka lenyewe ukigeuka vibaya unaangusha kitu: nyaya zinaning'inia, mafeni yamepangwa mpaka darini. Nikamwambia naanza na kasha, nataka la bei ya chini. Akanionyesha jeusi lenye kioo ubavuni. "Hili mama linakuja na boksi lake la umeme humo humo ndani, hulipii."

Cha kupewa nani anakataa. Nikaona leo ni siku yangu.

Prosesa tukabishana, mazabodi tukabishana. Akinitajia bei nachukua pochi najifanya naondoka, ananiita. Mwisho tukabaki na kadi. Aliweka mbili mezani, ndogo na kubwa. Ndogo ingenibakishia hela kidogo mkononi. Nikazitazama, nikamwona mume wangu akiongea na ukuta. Nikasema, "Mwenyewe ameniambia nisibane kwenye pawa."

"Basi beba hii kubwa," akasema yule bwana. "Hii ina pawa ya kutisha."

Nikaibeba. Akaunganisha vyote pale pale mbele yangu, akawasha, feni zikazunguka, nikamlipa mpaka nauli ikaisha.

Nilipoifikisha nyumbani mume wangu alifungua ule ubavu akachungulia. Akachungulia kweli kweli, akaingiza mkono, akagusa huku na huku. Halafu akaifunga. "Umejitahidi sana, mke wangu," akasema, na macho yake yalikuwa na maji. Mimi nikatembea kichwa juu siku ile, usiniulize.

Na akabadilika. Jamani, alibadilika. Nikirudi ananiambia leo nimepeleka mbao, mvua imenyesha njia nzima. Leo nimekatwa mshahara, nimegonga kizuizi. Akaanza tena kunitania, akaniita bosi wa usafirishaji. Chakula anamaliza. Vidonge nikaacha kutembea navyo. Hofu yangu ikahama, sasa naogopa wezi, maana mtaa mzima ulishaiona kompyuta ikiingizwa ndani. Nikanunua kufuli la maana. Asubuhi nikitoka nafunga kwa nje, ufunguo nauvaa shingoni. Nilimuuliza kama haoni vibaya. Akasema vyovyote. Lile neno nililisikia, nikajifanya sikulisikia.

Siku yenyewe ninayoisimulia nilikuwa na mteja, binti anayefanya kazi kwenye duka la kuchapisha mabango. Kutwa yuko kwenye kompyuta kubwa. Mimi kwa sifa zangu nikaanza kumhadithia jinsi nilivyonunua, sikubakisha kitu. "Mwenyewe aliniambia bana popote, usibane kwenye pawa. Nikamchukulia kadi kubwa kuliko zote dukani."

"Hongera, dada. Na pawa ulichukua ipi?"

"Si ndiyo nakwambia? Kadi."

Akageuza shingo, nywele zikanitoka vidoleni. "Dada, pawa si kadi. Pawa ni lile boksi la umeme. Tunaliita pawa. Ndilo linalochukua umeme wa ukutani na kugawia vitu vyote."

Nikamwambia hilo lilikuja na kasha, sikulilipia.

Aligeuka mzima kwenye kiti. Akaniuliza, "Lilikuwa jepesi?"

Nikakumbuka muuzaji alivyolishika kwa vidole viwili. "Jepesi."

"Na kadi kubwa." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Dada, kazini kwetu waliweka la hivyo. Lililipuka, moto ukashika pazia. Bahati watu walikuwepo, tukakimbilia nje."

Tukakimbilia nje. Hayo maneno ndiyo yaliyonimaliza. Nilishika ufunguo hapa kifuani. Nimemfungia. Mtu asiyeweza kusimama, nimemnunulia moto kwa hela yangu, nikamfungia nao kwa kufuli.

Nikapiga simu. Ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena, ikaita mpaka ikakata. Nikajiambia amevaa zile spika za masikioni, anaendesha, hasikii. Nikajiambia hivyo mara nyingi huku tayari niko barabarani, aproni kiunoni, kitana mkononi. Nyuma yangu nasikia ndara zinapiga lami. Ni yule binti, nywele upande mmoja zimesukwa, upande mwingine zimesimama wima, watu wanageuka kututazama. Nikamwambia arudi. Akasema, "Kimbia, dada, usiongee."

Sijui kama umewahi kukimbia na roho mkononi. Kila moshi niliouona, wa jiko la mtu, wa takataka, ulikuwa wangu. Nikaanza kupatana na Mungu kama nilivyopatana na yule muuzaji. Nikamwambia chukua kompyuta, chukua nyumba. Nikamwambia acha mume wangu arudi hata kuugeukia ukuta, hata aniambie chochote, vyovyote, nitafurahi.

Tulipokata kona ya kwetu sikuona moto. Nikasikia kitu. Mlango ulikuwa unagongwa kwa ndani. Unagongwa chini kabisa, karibu na kizingiti, kwa ngumi, na sauti ya mume wangu inaniita kwa jina langu la utoto, lile analoniita tukiwa wawili tu. Na upenyoni moshi mwembamba mweusi unatoka, unanuka plastiki.

Ufunguo ukakataa. Vidole vyangu vina mafuta ya nywele, unateleza, unaangukia mchangani, nauokota, unateleza tena. Nilikuwa nalia kwa sauti, na kusema niko hapa, niko hapa, na ngumi zake zinazidi. Yule binti akanisogeza kwa kiwiko, akautwaa, akaufuta kwenye sketi yake, akafungua.

Mume wangu alianguka nje nusu mwili. Alikuwa anatambaa, viwiko vimechubuka vinatoka damu, uso mweusi, anakohoa. Tukamshika makwapani tukamvuta mpaka uani. Binti akajifunga kitambaa puani akaingia, akafungua madirisha, akarudi akasema hakuna moto, waya umechomolewa ukutani, kilichobaki ni moshi tu. Kiti cha magurudumu kimelala ubavu. Alikuwa amejiangusha mwenyewe toka kwenye kiti ili aifikie swichi, halafu akatambaa sebule nzima mpaka mlangoni.

Nikakaa chini kwenye mchanga nikamweka kichwa pajani. Nikaanza kuomba msamaha, maneno yanakuja ovyo. Nikamwambia sikujua, nilidhani pawa ni nguvu, nilidhani ni kadi, nimekuua kwa ujinga wangu.

"Mimi nilijua," akasema.

Nikamtazama.

"Siku ile ile uliyoileta. Nilipochungulia nililiona. Lile boksi halina kitu ndani, na kadi ilivyo kubwa vile. Nilijua halitafika mbali."

"Ukaiwasha?"

"Kila siku."

Yule binti aliinuka taratibu akaenda kusimama kwenye geti, akatugeuzia mgongo. Mimi kwanza sikuelewa. Halafu nikaelewa, na hofu niliyokimbia nayo njia nzima ikawa si kitu mbele ya hii mpya. Vile vicheko vyote, mbao na mvua na bosi wa usafirishaji, alikuwa anakaa pale kila asubuhi anasikiliza mlango ukifungwa, halafu ananyoosha mkono anawasha.

"Nilisema ikitokea, imetokea," akasema. Alikuwa hanitazami. "Itakuwa ni umeme. Hakuna atakayesema nimejifanyia. Hata wewe usingesema."

Nilimpiga. Sitakuficha, nilimpiga bega kwa kiganja, nikampiga tena, mtu mgonjwa, damu inamtoka viwikoni. Nikamwambia wewe ni mwanaharamu, wewe ni mshenzi. Nikamwambia ningeokota mifupa yako na huu ufunguo shingoni. Hakuzuia hata kofi moja. Nilipochoka mkono nikaubakiza pale pale begani kwake, na ndipo nilipoona kwamba anatetemeka. Anatetemeka mwili mzima kuanzia kiunoni kwenda juu, meno yanagongana, kama mtu aliyetolewa majini.

"Leo ilitoa cheche," akasema. "Nikaona moshi. Nilikuwa nimejiandaa, nakwambia kweli, nilishajiandaa siku nyingi. Halafu nikaogopa."

"Uliogopa?"

"Niliogopa, mke wangu. Niliogopa vibaya. Sijui nilivyofika chini. Nilikuwa naona mlango uko mbali, nikawa naogopa kwamba sitaufikia, nikawa naogopa kwamba utachelewa." Akanishika aproni kwa mikono miwili, akaikunja ndani ya ngumi. "Bado naogopa. Haijaisha. Nishike."

Nikamshika. Nikamkumbatia pale chini mbele ya majirani waliokuwa wameanza kujaa getini, nikamkumbatia mpaka akalalamika mbavu. Nilikuwa nalia na pua inanitoka, na kama kuna aliyesikia nilichokuwa nikimwambia sikioni angesema huyu mwanamke ana wazimu, maana nilikuwa namwambia asante, asante, niambie tena ulivyoogopa. Na yeye akaniambia tena, tangu ile cheche ya kwanza.