Sahani ya Peke Yake

Kitambi cha Yotham kilikuwa kikitangulia kufika soko la Majengo, mwenyewe akifuata baada ya robo saa; bodaboda wa Ihumwa walimtoza nauli ya abiria wawili. Sukari ilipompanda, muuguzi alimwambia dawa ameze kila siku pamoja na chakula, ila ugali uwe robo tu ya sahani, mlenda na mboga nyingine zijaze nusu.

Sasa robo utaipimaje kwenye sinia moja na kaka yako? Tangu utotoni Yotham na Elisante walimega ugali wa uwele katika chombo kimoja. Jumapili ile, nyumbani kwa Elisante, Yotham akaomba sahani ya peke yake.

Elisante akaacha kutafuna. "Kwani mikono yangu inanuka siku hizi?"

"Kaka, ni sukari hii. Nataka nipungue, nisife mapema."

"Pungua basi, mdogo wangu. Nani kakukataza?"

Kilo kumi na moja zimemtoka. Kila Jumapili Elisante humkaribisha sebuleni, humnawisha mikono kama mgeni, humwachia sahani mezani. Kisha huenda uani kula na wanawe, na Yotham hutafuna taratibu, akisikiliza vicheko vyao dirishani.